Kanisa la Mbao Si la Muda

Kwenye lango la kigango chetu, huku Eastlands, pametundikwa bango jipya. Linaonyesha kanisa litakalojengwa: minara miwili, madirisha marefu ya matao, ngazi pana, magari manane yameegeshwa, na watu waliovaa kama wafanyakazi wa benki wakipanda hizo ngazi. Juu kuna tarehe ya harambee. Chini, kwa herufi ndogo, imeandikwa kwamba "jengo la muda" lililoko sasa litabomolewa.

Hilo jengo la muda linanizidi umri, na mimi nina miaka 26. Nilibatizwa humo. Watu wawili wa ploti yetu wameagwa humo. Kama jengo linaweza kukaa zaidi ya robo karne, likazika watu na kuoza watu, na bado likaitwa la muda, basi neno hilo halizungumzii miaka. Linazungumzia kitu kingine, na nadhani kitu hicho tunapaswa kukitaja kabla nyundo hazijaanza kazi.

Hoja yangu ni hii: mbao si nyenzo ya muda. Kinacholifanya jengo la mbao liwe la muda ni kwamba watu wanaolitumia hawana uhakika kama wataachwa wakae hapo walitengeneze. Tukichanganya mambo hayo mawili, tutabomoa kitu kizuri na kubaki na wasiwasi uleule, safari hii ukiwa umejengwa kwa mawe.

Niliacha chuo mwaka wa pili, na hata hivyo sikuwa nasomea usanifu wa majengo. Naandika kama mtu aliyeketi kwenye benchi za hilo kanisa Jumapili nyingi, akichoshwa na mahubiri na kuanza kuangalia juu. Ukiangalia juu miaka ishirini, utaona vitu.

Kwanza, limejengwaje. Nguzo zake ni za mkaratusi, zimechimbiwa ardhini na kupakwa oili chafu ya magari ili mchwa wasizile. Fremu ya juu ni mbao za saipresi za kununua Gikomba. Kuta ni vile vipande vya pembeni vya gogo, vyenye ganda upande mmoja, ambavyo wapasuaji mbao huviuza kwa bei ya chini kwa sababu hakuna fanicha inayoweza kutoka humo. Vimepigiliwa wima, kimoja kikilalia ukingo wa kingine ili mvua isipenye. Ndani ukuta ni laini, nje una magamba ya mti. Paa ni mabati. Sakafu ilikuwa mchanga uliopondwa, sasa ni saruji.

Hakuna aliyechora ramani. Lilianza kama chumba kimoja kirefu, altare ikiwa mwisho kabisa, kama darasa na ubao wake. Watu walipozidi, hawangeweza kulirefusha kwa sababu nyuma kuna mtaro na mbele kuna barabara ya mtaa. Kwa hiyo wakatoa ukuta wa upande wa kulia, wakaacha nguzo, wakaongeza safu nyingine ya nguzo na paa la kuteremka. Miaka ikapita, wakafanya vivyo hivyo upande wa kushoto. Mwishowe benchi zilizunguka altare pande tatu, na altare ikasogezwa mbele kidogo ili isiwape watu kisogo. Leo hakuna benchi iliyo mbali na padri kuliko hatua kumi na tano.

Hapa ndipo naona ajabu yake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kati ya 1962 na 1965, ulitaka waumini washiriki ibada badala ya kuitazama kama sinema, na wasanifu duniani kote wakatumia miongo kujaribu kuchora makanisa yanayowaleta watu karibu na altare. Sisi tulifika hapo kwa sababu ya mtaro. Mafundi wa mtaa walitatua tatizo la watu wengi na ploti ndogo, na jibu lao likatoa jengo ambalo linafanya vizuri kile ambacho kanisa lenyewe lilisema linataka. Sasa rudi kwenye lile bango. Kanisa jipya ni refu na jembamba. Watakaochelewa watakaa nyuma kabisa, na watamwona padri kama kidole.

Nisilisifu kupita kiasi. Saa sita mchana, mwezi wa pili, mabati yale yanakupika. Mvua ikinyesha padri hunyamaza, kwa sababu hakuna sauti ya mtu inayoweza kushindana na mvua ya Nairobi juu ya bati, na kwaya huingilia mpaka ipungue. Nguzo mbili za upande wa mtaro zimeoza chini. Nyaya za umeme zimepitishwa juu ya mbao kavu kwa namna ambayo sitaki kuifikiria usiku. Haya ni makosa ya kweli na nitayarudia. Lakini angalia: hakuna hata moja kati ya hayo ambalo fundi wa Gikomba hawezi kulirekebisha.

Niliwahi kumuuliza mmoja wa wazee waliosimamisha zile nguzo za kwanza. "Mzee, nguzo kama hii hukaa miaka mingapi?" Akanicheka. "Kijana, hiyo inategemea miguu. Ikikauka kila jioni, itakuzika wewe. Ikilala kwa maji msimu mmoja, imeisha." Kisha akanionyesha kwa kisu kidogo: mahali pa kuoza ni pale tu nguzo inapokutana na udongo, urefu wa shibiri moja hivi. Juu ya hapo mti ni mgumu kama siku ulipokatwa. Yaani kinachoitwa kuzeeka kwa kanisa letu ni shibiri moja ya mti mara mbili.

Basi neno "la muda" limetoka wapi? Halijatoka kwenye mti. Limetoka kwenye historia ya huu upande wa jiji.

Reli ilifika hapa 1899, na tangu mji ulipoanza, Mwafrika alihesabiwa kama mgeni wa kazi. Anakuja, anafanya kazi, anarudi kwao. Vijiji vya mwanzo ambavyo Waafrika walijijengea, kama Mji wa Mombasa, Maskini na Pangani, vilibomolewa kimoja baada ya kingine. Pumwani ilipoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 ndipo watu wakaelekezwa waende huko, wakapewa viwanja vya kujijengea wenyewe nyumba za fito na udongo. Pangani ilidumu kidogo, kisha mwishoni mwa miaka ya 1930 nayo ikaondolewa, na watu wake wengi wakahamia Shauri Moyo. Miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari, nyumba za Mathare zilibomolewa. Ukijenga ukijua kwamba barua ya kuondoka inaweza kufika wakati wowote, huwezi kujenga kwa mawe. Unajenga kwa kitu unachoweza kukifungua na kukibeba.

Hivyo ndivyo mbao na fito zilivyopata jina baya. Zilikuwa nyenzo za watu walionyimwa kibali cha kukaa. Jiwe lilikuwa la wale waliokuwa na hati. Kule mjini, Holy Family ya sasa, kazi ya msanifu Dorothy Hughes, ilikamilika 1963 kwa zege zito ambalo hakuna atakayeliuliza lina mpango wa kuhama lini. Huku kwetu vigango vilianza chini ya mti, darasani, kwenye ukumbi wa kukodi, halafu mbao na bati. Mtu anayechanga pesa leo ili kanisa liwe la mawe hanunui mawe tu. Ananunua hisia kwamba hatutafukuzwa tena. Naielewa hisia hiyo. Mamangu ameichangia, na sitamcheka.

Tatizo ni kwamba jiwe halitoi hati. Mei 2020, katikati ya korona, familia nyingi zilitolewa makwao Kariobangi kwenye lile eneo la kando ya mtambo wa majitaka, na matingatinga hayakubagua. Mashine inayobomoa bati inabomoa pia tofali. Mwaka 2024, baada ya mafuriko, ubomoaji ulipita kando ya mito huko Mathare na Mukuru. Katika visa vyote hivyo swali lililoulizwa halikuwa ukuta ni wa nini. Swali lilikuwa ardhi ni ya nani.

Wanaotaka jiwe husema historia ya kanisa lenyewe iko upande wao, na mfano wao uko jirani hapa Uganda. Tuuangalie vizuri.

Wamisionari wa kwanza Wakatoliki, Padri Siméon Lourdel na Bruda Amans, walifika Buganda Februari 1879. Miaka kumi baadaye Kabaka Mwanga aliwapa mlima wa Rubaga, na juu yake likajengwa kanisa kubwa la miti na matete. Kujenga kwa namna hiyo hakukuwa kubahatisha. Buganda ilikuwa na mafundi wa matete na wa kuezeka ambao kazi yao ilijaa majumba ya kifalme. Kanisa la Rubaga lilikuwa jengo la heshima, kwa lugha ya ujenzi ambayo kila Mganda aliielewa.

Tarehe 24 Januari 1892 likateketea. Siku hiyo Wakristo wa upande wa Wafaransa na Wakristo wa upande wa Waingereza walipigana pale Mengo, na Kapteni Lugard akaingiza bunduki ya Maxim upande wa Waprotestanti. Kanisa la Rubaga likachomwa moto. Baadaye Uingereza ililipa wamisionari fidia. Kanisa kuu tunaloliona Rubaga leo, la matofali, lenye minara miwili na matao ya Kirumi, lilijengwa kati ya 1914 na 1925. Ukiliona kwenye picha kisha ukaangalia bango letu, utajua mchoraji wetu alichora akiwa na kumbukumbu gani.

Somo ambalo watu huchukua hapo ni kwamba matete huungua na tofali hubaki. Mimi nasoma tofauti. Kanisa lile halikufa kwa uzee wala kwa mchwa. Lilichomwa na watu, vitani. Na jirani yake upande wa pili wa bonde anatoa ushahidi mwingine: Namirembe, kanisa kuu la Waanglikana, lilikuwa tayari na kuta za matofali radi ilipolipiga 1910. Liliungua vilevile, kwa sababu paa lake lilikuwa la nyasi. Kilichoshindwa pale ni paa dhidi ya radi. Tofali lenyewe halikuwa kinga.

Halafu kuna Namugongo, ambako wengi wetu tumefika au tuna shangazi aliyefika. Nilienda mara moja kwa basi la parokia, kupitia Busia, kwa ajili ya tarehe 3 Juni. Hapo ndipo Karoli Lwanga alipochomwa akiwa hai mwaka 1886 kwa amri ya Mwanga, na wenzake. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu 1964, akaja mwenyewe 1969, na basilika ikawekwa wakfu 3 Juni 1975. Aliyeichora ni Justus Dahinden, msanifu wa Uswisi. Ni ya mviringo, paa lake likishuka kama koni kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, na linabebwa na nguzo 22, moja kwa kila shahidi Mkatoliki.

Umbo hilo limetoka kwenye nyumba ya jadi ya Waganda, na kilele cha aina hiyo ni Kasubi. Nyumba kuu ya Kasubi ilijengwa 1882 kama ikulu ya Mutesa wa Kwanza, kisha ikawa kaburi lake. Nguzo zake ni miti iliyovikwa nguo ya magome, paa ni nyasi zilizofungwa matita, na ndani ya paa kuna pete 52 kwa ajili ya koo 52 za Buganda. Katika makabaka wanne waliolala humo, mmoja ni Mwanga. Fikiria hilo kidogo. Kanisa la mashahidi limechukua umbo la nyumba anamolala mfalme aliyewaua. Wengine wangeona ni kosa. Mimi naona ndio uamuzi bora wa Dahinden: alikubali kwamba nyumba ya Kiganda haikuwa mali ya Mwanga peke yake. Lwanga naye alikuwa mtumishi katika nyumba kama hizo. Ilikuwa yake pia.

Lakini alichukua umbo na kuacha namna ya kulijenga. Namugongo ni chuma na zege. Ukisimama ndani unaona mbavu nzuri zikikutana juu, mwanga ukiingia, watu wakiizunguka altare. Ni jengo zuri, nalisema bila kusita. Ila hakuna mwanajumuiya anayeweza kulitengeneza. Likivuja, ataitwa mkandarasi. Kasubi ni kinyume. Kazi ya kuezeka ni ya ukoo wa Ngeye, na vijana wa ukoo huo hujifunza kwa kuezeka. Nyumba inazeeka kipande kwa kipande na inarudishiwa ujana kipande kwa kipande. Tarehe 16 Machi 2010 Kasubi iliungua, na watu wengi walilia wakidhani imekwisha. Haikwisha, kwa sababu waliojua kuijenga walikuwa bado hai. Ilijengwa upya, na 2023 UNESCO ikaiondoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Ujuzi ulikuwa umehifadhiwa mahali ambapo moto haufiki.

Utaniambia Kasubi ni makaburi ya wafalme, ina ufalme mzima wa kuitunza. Haya, twende kwenye kanisa, tena Katoliki. Huko Paramaribo, mji mkuu wa Suriname, Amerika Kusini, kuna kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo. Lote ni la mbao, na ni moja ya majengo makubwa ya mbao katika Amerika yote. Nchi hiyo ilikuwa koloni la Waholanzi, na sehemu ya watu wake ni uzao wa Waafrika waliopelekwa huko utumwani. Paramaribo iliwahi kuungua vibaya, 1821 na tena 1832. Wangekuwa na kila sababu ya kuiogopa mbao.

Mwanzoni Wakatoliki walinunua jumba la michezo ya kuigiza wakaligeuza kuwa kanisa. Mwaka 1883 walianza kujenga kanisa jipya wakilizungushia lile la zamani, kazi ikiongozwa na bruda Mredemptoristi aitwaye Frans Harmes. Likawekwa wakfu 1885, na minara ikakamilika 1901. Nje limepakwa rangi, ndani mbao za mwerezi zimeachwa bila rangi kabisa, nguzo, matao na dari, kwa hiyo mtu huingia na kukutana na mti wenyewe.

Na likaanza kuugua kama kanisa letu. Mchwa wakaingia, minara ikaanza kuegemea, likafungwa kwa usalama. Pale ndipo watu wa Paramaribo walipokuwa na bango lao la kuchagua. Hawakulibomoa. Lilirekebishwa kwa miaka, likanyooshwa, mbao zilizooza zikatolewa na nyingine kuwekwa, na Novemba 2010 likafunguliwa tena. Miaka minne baadaye likapandishwa hadhi kuwa basilika. Tofauti kati ya kanisa lile na letu si aina ya mti. Ni kwamba pale hakuna aliyeliita la muda, kwa hiyo lilipougua walimwita fundi.

Sasa nirudi kwenye moto, kwa sababu hoja hii ndiyo nzito zaidi na watu wa Eastlands hawaitoi kwa nadharia. Gikomba imeungua mara nyingi mpaka habari zake hazishtui tena. Mtaani, moto ukianza kwenye jiko la mtu mmoja, safu nzima inakwenda kabla gari la zimamoto halijapata njia ya kuingia. Mbao huungua. Siwezi kulificha hilo kwa maneno matamu. Ila kinachoua watu kwenye mioto yetu ni mambo yanayojulikana: nyumba kugusana, nyaya za kuunganisha ovyo, maji kukosekana, kichochoro kimoja cha kutokea. Kanisa letu lina mlango mmoja mkubwa na mdogo mmoja wa sakristia. Likiwa la mawe na likabaki na milango hiyo miwili, na nyaya hizohizo, na watu mara mbili ya leo, sitajisikia salama zaidi. Milango miwili mipya na fundi wa umeme mwenye cheti ni gharama ambayo jumuiya mbili tu zinaweza kuibeba.

Na gharama ndiyo inayoniwasha zaidi. Kila familia imeandikiwa kiasi. Katika jumuiya yetu ndogondogo nimeona watu wawili wakiacha kuja mikutanoni kwa sababu jina lao linasomwa kila wiki kwenye orodha ya wasiomaliza. Mmoja wao anauza mboga. Mwingine ni fundi aliyepigilia baadhi ya zile mbao za upande wa kulia. Yaani tunamtoza mtu faini kwa ajili ya kubomoa kazi ya mikono yake, na akishindwa, tunamwonea haya. Kanisa lililowahi kupanuliwa ili watu watoshe sasa linawapunguza kabla hata jiwe la kwanza halijawekwa.

Jumuiya hizi zenyewe zina historia. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki waliamua kuzifanya kipaumbele: kanisa lianzie kwenye nyumba za majirani, wala lisingoje jengo kubwa. Kanisa la mbao ndilo jengo linalofanana na wazo hilo. Linaongezwa watu wanapoongezeka, kwa pesa iliyopo, na mikono iliyopo. Korogocho, Padri Alex Zanotelli, Mkomboni kutoka Italia, aliishi miaka zaidi ya kumi katikati ya watu wa mtaa, katika nyumba kama zao. Hakuna aliyesema ukuhani wake ulikuwa wa muda kwa sababu ukuta wake ulikuwa hafifu.

Kwa hiyo napendekeza nini? Si kuligeuza kanisa letu makumbusho. Makumbusho huku kwetu yangefungwa ndani ya mwezi. Napendekeza pesa zilizokwisha kuchangwa zipangwe upya kwa mpangilio mwingine.

La kwanza ni ardhi. Kamati ionyeshe waumini karatasi ya kiwanja kabla ya kuwaonyesha picha ya mnara. Kama karatasi haipo, kazi ya kwanza ya harambee ni kuitafuta, maana mnara bila karatasi ni bati refu tu.

La pili ni miguu. Nguzo zikatwe pale zilipooza na zikalishwe juu ya vipande vya mawe au zege, zitoke kwenye udongo. Mtaro wa nyuma uzibuliwe na maji ya paa yapelekwe mbali. Hii ndiyo sehemu ambayo jiwe linahitajika kweli, chini, likiubeba mti.

La tatu ni paa na nyaya. Dari ya mbao nyembamba au ya makuti yaliyofumwa chini ya bati itapunguza joto na kelele ya mvua, na nyaya zote zipitishwe ndani ya mabomba. Milango iongezwe pande mbili. Na kama watu bado watazidi, basi wafanye kile walichofanya mara mbili tayari: watoe ukuta, waache nguzo.

La nne halina gharama. Mtu apime jengo lote na kulichora, na majina ya waliolijenga yaandikwe. Wazee wanne kati yao bado wako mtaani. Lile bango lina jina la msanifu kwenye kona. Kanisa la mbao halina jina la mtu yeyote popote, ndiyo maana ni rahisi kusema kwamba si kitu.

Najua naweza kushindwa. Kura ya kamati ni mwezi ujao na watu wengi ninaowaheshimu watanyoosha mkono upande wa mawe, mamangu akiwemo. Nimemwambia nitakachosema pale mkutanoni. Akaniambia, "Sema, lakini uvae vizuri." Nitavaa vizuri, na nitamwomba yule mzee mwenye kisu kidogo aje aketi mbele.

Wewe unayesoma hii ukiwa Kayole, Dandora, Umoja ama Huruma, bila shaka unalijua kanisa la namna hii, au msikiti, au ukumbi wa shule. Kabla hawajaliondoa, nenda ulichunguze. Chota udongo kidogo chini ya nguzo uone kama mti umeoza au ni rangi tu imetoka. Muulize aliyelijenga. Halafu ukiambiwa ni la muda, uliza muda wa nani.